Diski ya Ogada Mbele ya Kamati ya Mazishi

Mume wangu Ogada amewazika watu wengi kuliko mtu yeyote hapa Kaptembwo, na hajawahi kushika jembe. Kazi yake ni kutengeneza programu za mazishi, zile karatasi za kung'aa zenye picha ya marehemu mbele, historia yake katikati, na nyimbo nyuma ambazo hakuna anayezisoma kwa sababu kila mtu anazijua. Ukifa upande huu wa Nakuru, kabla hujafikishwa kanisani utapitia kwanza kwa Ogada, akuandike kwamba ulikuwa mcha Mungu, mchapakazi na mpenda watu. Amewaandikia hivyo hata watu tuliokuwa tukijificha wakipita.

Duka letu ni moja ila tumeligawa. Upande wa dirisha ni wangu, na ndipo penye cherehani na sare za shule. Upande wa ukuta ni wake, na huko kuna kompyuta, printa, na mlima wa takataka anazoziita vifaa. Ogada hatupi kitu. Babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli, baba yake akazeekea kiwanda cha blanketi, na sijui ni yupi kati yao aliyemwachia ugonjwa huo. Nyaya zisizojulikana ni za nini, maboksi ya vitu vilivyokufa zamani, vyote vimo dukani vikingoja siku yao. Hata picha hafuti. Akienda kupiga harusi anarudi na picha za bibi harusi, picha za hema, na picha ya kiatu chake mwenyewe aliyoipiga kwa bahati mbaya, na zote anazihifadhi kwa heshima ileile.

Jambo la pili la kumjua Ogada ni kwamba hajui kusema hapana. Ukimwomba ngazi atakupa, na ukikaa nayo mwaka mzima atakuja kukusalimia, ataiona imeegemea ukuta wako, na atarudi nyumbani bila kuitaja. Amewahi kuwa katibu wa chama ambacho hakuwa mwanachama wake. Nikimgombeza, ananitazama kwa upole na kukubali kwamba nimesema kweli, kisha kesho anaendelea vilevile. Kugombana na mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu, na mimi nimeifanya kwa bidii tangu tuoane.

Sasa hiyo kompyuta. Aliichukua kwa ofisi moja ya mawakili iliyokuwa ikifungwa, na kwa ukubwa inaweza kuwekwa vyombo vya jikoni. Ndani yake kuna diski ndogo ya kuwashia mashine, na diski mbili kubwa zilizounganishwa na kadi fulani ili zifanye kazi kama moja. Kila picha inakatwa vipande, vingine vinakaa diski hii na vingine ile, na kadi ndiyo inayojua kuvirudisha pamoja. Ogada aliwahi kunieleza kwamba mpango huo unafanya mambo yaende kasi. Nilimuuliza wafu wake wana haraka ya kwenda wapi.

Kwa miaka mashine hiyo haikumsumbua mtu. Halafu ikaanza kumtisha. Kila akiiwasha inamtangazia kwamba mfumo unaoiendesha umefika mwisho na waliouunda hawatauangalia tena, na kwamba inafaa ahamie mfumo mpya upesi. Akikubali kuhama, inamjibu kwamba mashine yake imezeeka mno, haiwezi kupokea mfumo huo. Yaani anaambiwa hama, na papo hapo anaambiwa huko unakohamia hutakiwi. Ogada alikuwa akiusoma ujumbe huo kila asubuhi na kuitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Hapo ndipo alipoingia Kipketer. Huyu ni mdogo wake Chepkemboi, jirani yetu anayeuza viazi vya Mau Narok mlango wa tatu kutoka kwetu. Chepkemboi ni mwanamke wa maana na hana maneno mengi. Yake alipewa Kipketer pamoja na ya familia nzima. Kipketer anafanya kazi Olkaria, kule mvuke wa ardhini unakogeuzwa umeme, na kwa mtaa wetu hiyo ilikuwa shahada tosha. Kompyuta inatumia umeme, umeme unatoka Olkaria, na Kipketer pia anatoka Olkaria. Watu walimletea redio, pasi, hata friji. Hakuna aliyewahi kumuuliza huko Olkaria anafanya nini hasa. Mimi nilikuja kumuuliza baadaye, wakati haikusaidia tena, akaniambia bila aibu yoyote kwamba anapaka rangi mabomba.

Alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, akiwa na flash mkononi. Akasema makampuni makubwa yanapenda kutisha watu, na kwamba kuna njia ya panya ya kuingiza mfumo mpya kwenye mashine kuukuu bila mashine yenyewe kushtuka. Ogada akasema sawa. Kipketer akabonyeza hapa na pale, akaketi, akala chapati zangu huku namba zikipanda kwenye kioo. Mwishowe mfumo mpya ukafunguka na picha ya ua kubwa la buluu, zuri kwelikweli, na wote wawili wakalitazama kwa fahari ya watu waliolipanda wenyewe.

Angeishia hapo pengine tungepona. Mfumo mpya huwa unaacha mlango wa nyuma wazi kwa siku chache, ili mtu akijuta arudi alikotoka. Kipketer aliuona mlango huo, akauona ni uchafu unaojaza nafasi, akaufagia. Kisha akanawa mikono na kwenda zake, na Ogada akamsindikiza hadi barabarani akimshukuru.

Siku iliyofuata nilimwona mume wangu ameiacha chai yake hadi ikaota ngozi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema zile diski mbili kubwa hazionekani. Zipo, zinazunguka, hata alizisikia kwa sikio, lakini mfumo mpya hauzijui. Akanieleza kuhusu kitu kinaitwa draiva. Ni programu ndogo inayoufundisha mfumo kuongea na kila kipande kilichomo ndani ya mashine, na kila kipande kina yake. Mfumo wa zamani ulikuwa na draiva ya ile kadi. Huu mpya ulikuja na ua la buluu, ila draiva hiyo haukuja nayo. Harusi zote, mazishi yote, kila uso alioupiga tangu aanze kazi, vilikuwa nyuma ya kadi ambayo hakuna wa kuongea nayo.

Akampigia Kipketer simu. Kipketer akasema hiyo ni kitu kidogo, azime awashe. Ogada alizima na kuwasha siku nzima. Jioni aliifunika mashine kwa kipande cha kitambaa cha sare, na hakumwambia mtu mwingine yeyote.

Basi ingekuwa hasara yetu wenyewe, ya kulia kimyakimya, kama wiki hiyohiyo Chepkemboi hangefiwa na mama yake.

Mama huyo aliitwa Gogo Tapkigen, yaani bibi Tapkigen, wa Keringet. Aliishi maisha yake yote bila kukubali kupigwa picha. Hakutoa sababu, na hakuna aliyethubutu kuidai. Wajukuu wakimwinulia simu aliwachapa. Kitambulisho chake kilikuwa kile cha zamani, kilichokaa kiunoni ndani ya kitambaa hadi pale penye uso pakabaki doa. Ukiacha mpiga picha wa serikali, mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumwelekezea kamera na kufyatua, naye ni Ogada, kwenye harusi ya mjukuu wake Jepkemei, tulipoitwa Keringet kupiga picha. Gogo alimgombeza kwa Kikipsigis, Ogada akaomba msamaha kwa Kijaluo, na baada ya hapo aliletewa chai.

Kwetu huwezi kumzika mtu bila picha. Lazima iwe kubwa, ndani ya fremu, ibebwe mbele ya jeneza na mjukuu aliyevaa vizuri, na lazima iwe kwenye programu, kwa sababu nusu ya waombolezaji hupanda basi bila kujua wanaenda kumzika nani na hujulia humo. Kwa hiyo hatukushangaa Chepkemboi alipoingia dukani, macho yamevimba, leso imefungwa kichwani ovyo.

"Baba Natasha," akamwambia mume wangu, "ile picha ya mama, ya harusi ya Jepkemei. Bado uko nayo?"

Nilisimamisha cherehani. Nilimtazama Ogada kwa macho yote niliyo nayo.

"Niko nayo," akasema.

Kama nilivyosema, hajui lile jibu jingine, la hapana. Lakini ninamsifu kwa jambo moja: alipoona jinsi mabega ya Chepkemboi yalivyoshuka kwa kupata nafuu, uongo ulimshinda. Akamvutia kiti, akamweleza yote, kuhusu kadi na draiva na ua la buluu. Jina la Kipketer hakulitaja hata mara moja. Nililitaja mimi.

Chepkemboi aliukunja ukingo wa leso.

"Watoto wangu wanamjua kwa simu tu," akasema. "Mimi niko hapa na viazi miaka yote hii, kila Krismasi nasema tutaenda, hatuendi. Wanajua sauti yake. Nilitaka wamuone uso kabla afunikwe na mchanga."

Hakulia. Aliinuka akaenda kuwapimia watu viazi. Mimi ndiye niliyelia, na nikaharibu kola ya mtoto wa watu.

Jioni hiyo kamati ya mazishi ikaketi sebuleni kwa Chepkemboi, na mwenyekiti alikuwa Waithaka. Sisemi alikuwa mwenyekiti wa nini, kwa maana Waithaka ni mwenyekiti tu, wakati wote, kama wengine walivyo warefu. Kukiwa na watu watatu chini ya mwavuli mmoja, yeye atafungua kikao. Walijadili jeneza, basi, hema na wapishi, kisha wakafika kwenye jambo la tano, ambalo Waithaka alilitangaza kuwa Kompyuta.

Sijapata kuona wataalamu wengi kiasi hicho ndani ya chumba kimoja. Kulikuwa na aliyesema diski ziwekwe ndani ya mchele, kama simu iliyoanguka majini. Mwingine alisema zianikwe juani. Dada mmoja wa kanisa alisema shida ni roho ya kuzuia. Ogada alieleza kwamba mchana huo, Chepkemboi alipotoka, alizipeleka kwa fundi mjini, naye alichomeka moja akaona haina kitu, akachomeka ya pili ikawa vilevile, akamshauri ajaribu Nairobi, ambako angengoja wiki kadhaa. Mazishi yalikuwa Jumamosi inayofuata. Kamati ilimsikiliza, ikamshukuru, na ikarudi kwenye habari ya mchele.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila jioni. Halafu katikati ya wiki Kipketer akaingia kikaoni akiwa ameinua kidevu. Alikuwa amepita dukani mchana, Ogada akiwa amemwachia mashine kwa sababu aliombwa, na sasa alikuwa na habari njema. Mashine imeziona diski. Amezichomeka kwa mlango mwingine kabisa, bila ile kadi, amezikuta zote mbili, na mashine inauliza swali moja tu: inasema diski hizi lazima zifomatiwe kabla ya kutumika, je, tunakubali. Tukikubali, kazi imekwisha.

Kwa asiyejua, kufomati diski ni kulilima shamba lenye mahindi yaliyokomaa ili liwe tayari kupandwa mahindi. Hakuna mtu kwenye kile chumba aliyejua, ila mmoja, na huyo alikuwa ametumwa nje kuleta viti. Mimi nilikuwa jikoni nikichuja chai. Nilisikia sauti ikisema, "Napendekeza ifomatiwe," na nyingine ikisema, "Naunga mkono," na Waithaka akiwauliza wanaokubali wainue mikono. Mikono ikainuka. Jambo lilipita bila kupingwa, ndani ya muda mfupi kuliko walioutumia kuchagua rangi ya utepe wa jeneza.

Ogada aliporudi na viti alijulishwa uamuzi. Kabla hajafungua mdomo, kamati nzima ilikwisha inuka na kwenda dukani kushuhudia, jua likiwa bado juu ya bati za majirani. Wakajazana katikati ya sare zangu. Waithaka akavua kofia na kuomba kwa kifupi, yaani kwa kiasi chake. Ogada akaketishwa mbele ya mashine, na ule ujumbe ukiwa kwenye kioo, na chini yake kidude cha kubonyeza.

"Si ubonyeze tu, Baba Natasha," Kipketer akasema. "Inauliza na heshima. Ukisema OK, inafungua."

Ogada alikuwa ameshika kipanya. Nilimjua mume wangu. Nilijua kwamba ukimwomba jambo mbele ya watu, na hasa mbele ya maombi, mkono wake unakutii kabla kichwa chake hakijafika. Nilimwona Chepkemboi amesimama mlangoni, mkono mdomoni, nikaogopa, na sioni haya kusema niliogopa.

"Hapana," Ogada akasema.

Hata yeye mwenyewe alionekana kushangaa sauti hiyo imetoka wapi.

"Hapana namna gani?" Waithaka akauliza. "Kamati ishapitisha."

"Imepitisha, Chair, na mimi naheshimu. Lakini hii mashine haijui kuna picha hapa. Inaona diski haielewi, inadhani ni tupu, inataka kufagia ndio ianze upya. Nikibonyeza, mama yake Chepkemboi hatumuoni tena. Si leo, si kesho."

Waithaka akasema kwamba kwa utaratibu, uamuzi wa kamati unaweza kutenguliwa na kamati pekee. Kipketer naye akanyoosha mkono kuelekea kipanya, akisema basi atabonyeza yeye, kwani ni mama yake. Ogada akauchomoa waya wa kipanya kutoka kwenye mashine, akauzungushia kipanya taratibu, na akakitia mfukoni mwa suruali.

"Muache," Chepkemboi akasema kutoka mlangoni, na kikao kikafungwa.

Maisha yetu yote ya ndoa nimekuwa nikilingoja hilo neno hapana. Nililingoja kwa habari ya ngazi, kwa habari ya chama, kwa habari ya jamaa zake waliokuja kwa wikendi wakakaa hadi shule zikafungwa. Hakulitoa. Alikuwa analihifadhi, kama anavyohifadhi kila kitu, na siku ya kulitumia ilipofika lilikuwa bado jipya kabisa.

Kesho yake asubuhi Ogada aliifungua mashine kwa bisibisi, akazirudisha diski kwenye kadi yake, akaingiza kichwa ndani na kuisoma ile kadi kwa kurunzi ya simu. Kisha akageuka, akanitazama, au tuseme akatazama chini ya cherehani yangu.

"Mama Natasha," akasema, "inua miguu."

Chini ya cherehani yangu kuna katoni. Nimekuwa nikiwekea miguu yangu juu yake tangu tuingie duka hili, kwa sababu sakafu ni baridi na kwa sababu Ogada aliniapia kwamba ndani kuna vitu muhimu. Aliivuta katikati ya duka na kuanza kutoa: chaja za simu ambazo hazitengenezwi tena, kitabu cha maelezo cha printa iliyokufa, kidole cha glavu, betri zilizotapika. Chini kabisa kulikuwa na bahasha ya wale mawakili, nyaraka zote zilizokuja na mashine, na ndani yake CD iliyoandikwa jina lilelile lililokuwa kwenye kadi. Aliishika kwa ncha za vidole. Nilitaka kusema neno kuhusu miaka niliyotaka kuichoma ile katoni, nikaona nishone tu.

Kipketer akaingia wakati huo, amebeba mkate, bila kidevu cha jana. Alisimama upande akasema alitaka tu kusaidia, kwamba mashine ilikuwa inamsumbua Baba Natasha na yeye alitaka kusaidia. Macho yake yalikuwa mekundu. Yule naye alikuwa amefiwa na mama. Kwa kelele zake zote tulikuwa tumelisahau hilo. Nilimwonea huruma, jambo lililoniudhi sana, nikampa kiti.

Mlango wa CD wa mashine ulikuwa umekwama. Ogada akaomba pini yangu, akaichoma kwenye kitundu kidogo, mlango ukafunguka kwa kulalamika. Akaiingiza CD. Mfumo mpya ukaitazama ile draiva ya kizee na kuikataa, ukisema haumtambui aliyeitia sahihi. Ogada akauambia uendelee hivyohivyo. Ukakataa tena. Nadhani alikuwa ameshaonja utamu wa ubishi, kwa sababu alitafuta pembe nyingine na kuulazimisha, akiwa ametulia kama mtu anayemlisha mtoto dawa. Kisha akazima mashine na kuiwasha upya, na sisi watatu tukalitazama ua la buluu.

Wakarudi wote. Safu baada ya safu, majina yakajaa kwenye kioo, wacha Mungu na wachapakazi wa Kaptembwo nzima, pamoja na maharusi wao na mahema yao. Nilipiga makofi mara moja kisha nikaona haya. Kipketer akakimbia kumwita dada yake.

Tuliifungua harusi ya Jepkemei tukiwa wote wanne. Kulikuwa na keki, na hema, na keki tena. Kulikuwa na kile kiatu. Kulikuwa na Waithaka, ambaye sikumbuki kama alialikwa, akila kwenye picha nyingi kuliko alizotokea bwana harusi. Ogada akawa anapita pole pole, na nikaona shingo yake imeloa jasho, nikaelewa jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alikumbuka kufyatua. Hakukumbuka kama alimpata.

Picha ikafika. Gogo Tapkigen ameketi kwenye kiti cha plastiki, kikombe cha chai kwenye mkono wa kushoto. Wa kulia ameunyoosha mbele ya kamera, kiganja wazi, vidole vimetanuka, mistari ya kiganja inaonekana yote kama ramani. Kiganja hicho ndicho kimejaa kwenye picha. Uso uko nyuma yake. Kati ya kidole na kidole linaonekana jicho moja, na ukilitazama vizuri, jicho hilo linacheka.

Mpiga picha yeyote wa maana angeifuta picha hiyo akiwa bado Keringet, hajafunga hata begi.

"Pole," Ogada akasema. "Nilidhani nilimpata."

"Hiyo si shida," Kipketer akasema haraka. "Siku hizi kuna app. Inatoa mkono, inaweka uso."

"Uso wa nani?" Chepkemboi akamuuliza.

Chepkemboi alisogea karibu na kioo hadi pumzi yake ikakifanyia ukungu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini chini, na akicheka hivyo machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

"Ndio huyo," akasema. "Hivyo ndio alikuwa. Weka hiyo, Baba Natasha. Weka kubwa."

Akaiweka kubwa. Kwenye programu pia akaiweka mbele, na alipofika kwenye historia aliandika kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu na mchapakazi. Kabla ya kuandika mpenda watu alinitazama, akaandika kwamba alipenda watu ila hakupenda wamtazame. Ni mara ya kwanza nasoma kitu cha kweli kwenye karatasi zile.

Jumamosi tukaenda Keringet. Waithaka alihutubia, akaeleza jinsi kamati ilivyosimama imara katika suala gumu la kiteknolojia hadi picha ikapatikana, na watu wakampigia makofi. Ogada naye alipiga. Pasta, kabla ya ibada, alikuwa ameitazama fremu akiinamisha kichwa huku na huku, akamvuta Chepkemboi kando na kumuuliza kwa sauti ya chini kama hakukuwa na nyingine iliyotoka vizuri.

"Hii ndio imetoka vizuri, pasta," Chepkemboi akamjibu.

Wanawake wazee wa Keringet walipita mbele ya jeneza mmoja mmoja, na kila aliyefika kwenye fremu alicheka kidogo ndani ya kilio chake, na wengine waliinua kiganja chao pia, kumrudishia. Nyuma yao wakaja watoto wa Chepkemboi, wale wa simu. Wa mwisho, Emmy, alisimama pale muda mrefu kuliko wenzake. Akaweka kiganja chake juu ya kioo cha fremu, juu ya kile kiganja kingine, akakipanga kidole kwa kidole. Kisha akamgeukia mama yake na kumwambia kwamba Gogo alikuwa na mkono mkubwa.